Uzi: Agnes Strickland, na dada yake aliyegoma kuandikwa jina

Karani wa Masjala:
Wakuu, salaam.

Mimi kazi yangu masjala. Anayeijua masjala anajua kwamba pale dirishani kuna sentensi mbili tu, "lete kibali" na "njoo kesho". Nimezisema mara nyingi, sikatai. Mwaka juzi na mimi nilisimama upande wa pili wa dirisha, ofisi nyingine kabisa, natafuta jalada la kiwanja cha marehemu babu. Niliandika barua tatu. Ya tatu ilijibiwa kwamba jalada "linafanyiwa kazi". Hadi leo linafanyiwa kazi.

Sasa nimekutana na habari za kina dada wawili wa Kiingereza, Agnes na Elizabeth Strickland, walioandika barua ya namna hiyohiyo mwishoni mwa miaka ya 1830 wakiomba kusoma nyaraka za serikali, wakajibiwa hapana. Aliyewajibu hakuwa karani kama mimi. Alikuwa Lord John Russell, waziri wa mambo ya ndani.

Nitaandika kwa vipande maana nipo zamu. Mwenye kiti na akalie.

Baba yao, Thomas Strickland, alikuwa msimamizi wa gati kule Rotherhithe, London. Mwaka 1808 akanunua jumba kubwa linaloitwa Reydon Hall, karibu na Southwold, mkoa wa Suffolk. Jumba zuri kwa nje. Watoto wanane, mabinti sita na wavulana wawili. Elizabeth alizaliwa 1794, Agnes 1796. Huyu mzee alikuwa na tabia ambayo majirani waliiona ya ajabu: aliwafundisha mabinti wakubwa mwenyewe, historia, Kilatini na hesabu, na maktaba ya nyumbani hakuifunga kwa ufunguo. Akafariki 1818, biashara ikiwa imekwisha yumba. Jumba likabaki, hela hakuna. Mabinti ikabidi washike kalamu, wakaanza na vitabu vya watoto na mashairi. Kati ya wale sita, watano waliishia kuwa waandishi. Sarah peke yake ndiye hakuandika.

Narudi baada ya chai.

Mchoma Mahindi:
Nimekaa paleee mbele. Endelea mkuu.

Nyundo ya Mbao:
Mkuu, kwa heshima zote. Hawa wazungu wa enzi za Malkia Victoria tunawajadili wa nini? Kwetu kuna mada zimejaa.

Karani wa Masjala:
Nyundo, subiri nifike kwenye hela. Ukifika hapo utaona kwamba umeshawahi kukutana na hawa watu, majina tu ndiyo tofauti.

Nimerudi. Elizabeth alihamia London akawa anahariri gazeti moja la mambo ya kasri. Humo ndimo kina dada hawa walipoanza kuchapisha habari fupifupi za malkia wa zamani. Wakaona zinasomwa. Wazo likakua: kwa nini wasiandike maisha ya malkia wote wa Uingereza, kuanzia Matilda wa Flanders, mke wa William Mshindi, hadi Malkia Anne? Na siyo kwa kunukuu vitabu vya watu. Waende kwenye barua zenyewe na daftari zenyewe za matumizi.

Hapo wakagundua wamewahiwa. Mwanamke mwingine, Hannah Lawrance, mwaka 1838 alikuwa ameanza kutoa kitabu cha kumbukumbu za malkia wa Uingereza. Wao wakakiita chao "Lives", yaani maisha ya malkia, wakasonga mbele. Juzuu 12, kuanzia 1840 hadi 1848.

Kuhusu kibali: Russell alikataa, basi wakatafuta njia ya kupitia kwa watu wanaojuana na watu. Mwaka 1839 wizara ile ikapata waziri mpya, Lord Normanby, na huyu akawafungulia. Jalada ni lilelile, kabati ni lilelile, kilichobadilika ni aliyekaa kwenye kiti. Wenzangu wa masjala mtanielewa.

Na hiyo ni London. Mwaka 1844 walikwenda Paris, na huko aliyewasaidia kuingia kwenye nyaraka ni Guizot, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, ambaye mwenyewe alikuwa mwanahistoria. Huko Agnes alisoma barua za Mary wa Modena, mke wa Mfalme James wa Pili, alizowaandikia watawa wa Chaillot akiwa uhamishoni. Barua za mwanamke aliyepoteza kiti cha enzi, zimekaa kwenye mafurushi Paris. Mwandishi aliyebaki London akinukuu vitabu vya wenzake asingezipata.

Mwalimu wa Zamu:
Kwa faida ya vijana niongeze jambo moja. Wakati huo hapakuwa na mwanamke mwenye shahada Uingereza. Chuo Kikuu cha London kilifungua shahada kwa wanawake 1878. Oxford 1920. Cambridge, shahada kamili, 1948! Kwa hiyo hawa kina mama mnaowasoma hapa walijifunza kusoma miandiko ya karne za kati, Kilatini na Kifaransa cha kale, bila darasa wala msimamizi wa utafiti. Mimi nilikuwa na msimamizi na bado nilichukua miaka saba.

Mchoma Mahindi:
Mwalimu umejichoma mwenyewe hahaha.

Bintimwambao:
Kaka Karani, mimi nasubiri hapo penye jina. Kichwa cha uzi kinasema dada yake aligoma. Aligomea nini?

Karani wa Masjala:
Dada Bintimwambao, ndiko ninakokwenda.

Ukifungua juzuu zile, ukurasa wa mbele unakuta jina moja: Agnes Strickland. Basi. Umma wote wa Uingereza ulijua ni kazi ya Agnes. Agnes ndiye aliyealikwa kwenye majumba ya makabaila, akala chakula chao, akafunguliwa masanduku yao ya barua za ukoo. Alipenda watu na watu walimpenda. Alivaa vizuri.

Kumbe karibu nusu ya kazi ni ya Elizabeth. Maisha ya Mary wa Kwanza, yule aliyebandikwa jina la "Mary wa Damu", yameandikwa na Elizabeth. Na siyo hilo tu, kuna mengine mengi. Yeye ndiye aliyekaa London siku nzima British Museum, kwenye maktaba yake, anasoma, ananakili, anarudi nyumbani na wino vidoleni. Mchapishaji wao, Henry Colburn, aliijua siri hiyo. Lakini Elizabeth aliweka sharti ambalo hakulegeza hata siku moja: jina langu lisionekane.

Na siyo kwamba alikuwa mpole mpole. Yeye ndiye mkubwa, na kwa habari zote ndiye aliyekuwa mkali katika mambo ya mikataba.

Bintimwambao:
Hapo sasa. Watu watasema unyenyekevu. Mimi naona ni hesabu. Mwenye jina analazimika kwenda kwenye karamu, kujibu barua za wasomaji, kutukanwa magazetini. Asiye na jina anabaki na meza yake na taa yake. Bibi yangu alikuwa mshonaji wa nguo za harusi mtaa mzima, hakuwahi kwenda harusini hata moja. Alisema akienda atashikwa mkono kuulizwa mishono.

Nyundo ya Mbao:
Sikubaliani. Waswahili wa zamani mtunzi akimaliza utenzi alijitaja beti za mwisho, jina lake na la baba yake. Kazi bila jina ni mtoto bila baba. Kwa nini ajifiche kama hakubanwa?

Bintimwambao:
Kaka Nyundo, aliyembana ni nani? Mdogo wake? Mchapishaji angefurahi kuweka majina mawili kitabuni, yanauza. Mwanamke akisema hapana, msimtafutie mwanamume wa kumlaumu wala wa kumwokoa.

Mchoma Mahindi:
🔥🔥 Nyundo umepigwa msumari.

Karani wa Masjala:
Nitawaacha mgombane. Twende kwenye hela kama nilivyoahidi.

Colburn aliwalipa pauni 150 kwa juzuu, na hata hiyo ilipatikana baada ya kuvutana. Piga hesabu: juzuu 12 mara 150 ni pauni 1,800. Watu wawili, miaka karibu kumi ya kazi, nauli na wino juu yao. Colburn akafariki 1855. Mwaka 1857 hakimiliki alizoacha zikapigwa mnada London. Hakimiliki ya maisha ya malkia peke yake ilikwenda kwa pauni 6,900.

Soma tena. 1,800 waandishi. 6,900 mnadani.

Nyundo ya Mbao:
Sawa mkuu. Hao nawajua. Nimewahi kuuza mbao za mvule hivyohivyo.

Mama Kitenge:
Mimi nimefika sasa hivi, nimesoma yote. Naomba kuuliza: hivyo vitabu vina nini ndani? Maana malkia kila mtu anaandika. Taji, vita, kukatwa kichwa.

Karani wa Masjala:
Swali zuri, mama. Nikupe mfano mmoja nilioupenda kuliko yote.

Elizabeth wa York, mke wa Henry wa Saba, mama wa yule Henry wa Nane mwenye wake sita. Kwenye vitabu vya wanaume alikuwa mstari mmoja: ndoa yake ilimaliza Vita vya Mawaridi, yaani vita vya koo mbili za kifalme kugombea taji la Uingereza. Basi, kazi yake imeisha. Ila daftari la matumizi ya mfuko wake binafsi lipo, na akina Strickland wakalisoma mstari kwa mstari. Wakakuta malipo ya fundi kwa kushona upya magauni ya malkia yaliyochakaa. Gauni linapinduliwa, linatiwa kiraka, linabadilishwa kifua. Viatu vyake ni vya peni 12 za wakati huo, vyenye bizimu za bati. Malkia! Na hapohapo, daftari lilelile, kuna bakshishi alizowapa watu wa kawaida waliomletea kuku na tufaha. Alikuwa na madeni kwa sababu hakuweza kumnyima mtu. Akafariki 1503, siku yake ya kuzaliwa, anatimiza miaka 37, baada ya kujifungua.

Mimi kwenye masjala naona risiti kila siku. Sikuwahi kufikiri kwamba risiti ya fundi kiraka inaweza kumfufua mtu.

Mama Kitenge:
Bizimu za bati 😢 Na mimi fundi cherehani, gauni la kupindua nalijua. Lile unaliona kwa mshono wa ndani, kitambaa kile cha ndani kina rangi ya kwanza. Huwezi kumdanganya fundi.

Mwalimu wa Zamu:
Tusiwapake mafuta sana lakini. Wasomi wa baadaye waliwalaumu, na mara nyingine kwa haki. Walikuwa watu wa upande: wahafidhina, wapenzi wa ukoo wa kifalme wa Stuart. Agnes kwa Mary Malkia wa Uskochi alikuwa kama shabiki wa mpira, kila baya lililosemwa juu ya Mary lazima ni uzushi wa maadui. Alihariri barua za Mary huyo, kisha katika maisha ya malkia wa Uskochi, juzuu nane, 1850 hadi 1859, Mary akala sehemu kubwa kuliko wote. Na hadithi za mapokeo aliziachia ziingie bila kuzikagua. Karani, hebu waeleze habari ya kitambaa cha Bayeux.

Karani wa Masjala:
Hahaha mwalimu umenibana. Haya.

Kuna kitambaa cha kitani, urefu karibu mita 70, kimetariziwa kwa uzi wa sufu, kinaonyesha jinsi William wa Normandy alivyoivamia Uingereza 1066. Ni cha mji wa Bayeux, Ufaransa. Mapokeo yalisema kimetariziwa na Malkia Matilda, mke wa William, na wanawake wake. Wakati wa Agnes wataalamu wa mambo ya kale walikuwa wameanza kusema hapana, siyo Matilda.

Agnes akakasirika. Akawaandikia, kwa adabu yenye pilipili, kwamba anaheshimu hukumu ya mabwana wa dunia katika siasa na sayansi, ila mambo ya sindano na uzi wangefanya vyema kuwaachia wanawake waamue, wao wakatafute shughuli za kiume.

Nilipiga meza nikicheka. Tatizo ni kwamba alikosea yeye. Leo wataalamu wengi wanaona kitambaa kiliagizwa na Askofu Odo, ndugu wa William kwa mama, na yaelekea kilitariziwa Uingereza. Lakini waliotarizi? Inaaminika walikuwa wanawake. Kwa hiyo nusu alipata.

Mama Kitenge:
Nusu gani, amepata yote. Mita 70 za sufu, mwanamume gani angekaa kitako.

Mchoma Mahindi:
Mimi nauliza, Malkia Victoria mwenyewe alisemaje? Maana kitabu kinahusu bibi zake.

Karani wa Masjala:
Kile cha malkia wa zamani walimtabaruku yeye. Ila mwaka huohuo wa 1840 Colburn alimsukuma Agnes aandike haraka habari za Victoria mwenyewe, toka kuzaliwa hadi harusi. Mtu yuko hai, yuko kasri, ana miaka 21. Victoria akakisoma akiwa na kalamu mkononi, akaandika pembeni mwa kurasa kwamba hili si kweli, na hili si kweli. Kitabu kikaondolewa sokoni.

Fundisho kwa wana masjala: usiandike ripoti ya mtu ambaye bado anapita koridoni.

Kaskazini Baridi:
Wakuu, nimesoma kimya kimya toka mwanzo. Mimi nipo Uingereza, na niseme nilichokiona kwa macho.

Zile nyaraka walizokataliwa akina Strickland leo zipo Kew, London, National Archives. Nilikwenda kwa shughuli yangu, nafuatilia barua za konseli wa Uingereza Zanzibar na Maskati, zipo kwenye mfululizo unaoitwa FO 54. Nilitegemea longolongo. Nikaonyesha kitambulisho na uthibitisho wa anwani, nikapewa kadi. Kalamu ya wino wanakunyang'anya, unaingia na penseli tu. Unaagiza jalada kwenye kompyuta, linakuja. Ukilifungua unakuta karatasi ya Zanzibar ya enzi za Sayyid Said, na mwandiko wa mtu aliyekuwa anatoka jasho Forodhani. Sikuomba ruhusa ya waziri.

Na mwenye mchango mkubwa katika kurahisisha kazi ya namna hiyo ni mwanamke mwingine wa enzi ileile, simwoni kwenye uzi: Mary Anne Everett Green. Kazaliwa Sheffield 1818, binti wa mchungaji wa Kimethodisti. Alianza kama akina Strickland, barua za mabibi wa kifalme juzuu tatu 1846, kisha maisha ya mabinti wa wafalme juzuu sita. Halafu 1854 akaajiriwa na Sir John Romilly, msimamizi mkuu wa nyaraka za serikali, kutengeneza muhtasari wa nyaraka za serikali: karatasi moja moja, nani kamwandikia nani, tarehe gani, inasema nini. Akatoa juzuu 41. Arobaini na moja! Za enzi za James wa Kwanza, Malkia Elizabeth wa Kwanza, Cromwell, Charles wa Pili. Alifanya hivyo karibu miaka 40 hadi kufa kwake 1895, akamwachia kazi mpwa wake, Sophia Lomas. Wanaume chungu nzima walijenga majina yao juu ya muhtasari ule.

Karani wa Masjala:
Mkuu Kaskazini, shikamoo kama unastahili. Huyo mama ni mwenzangu kabisa. Masjala ikipangwa vizuri mtu hajui kama kuna aliyepanga. Ikivurugika ndiyo wanakuja kuuliza jina lako.

Mchoma Mahindi:
Mkuu, na wale mabinti waandishi wengine watatu? Ulisema watano walikuwa waandishi.

Karani wa Masjala:
Catharine na Susanna waliolewa na maofisa wa jeshi wasio kazini, wakahamia Kanada 1832, huko porini kweli, kukata miti. Wote wawili wakaandika. Susanna Moodie mwaka 1852 akatoa kitabu cha maisha ya dhiki msituni, udongo, njaa, majirani wakorofi, akamtabaruku Agnes kwa upendo wote. Agnes hakufurahi. Yeye anakula na makabaila, halafu nchi nzima inasoma kwamba mdogo wake analima viazi kwa mikono.

Bintimwambao:
Familia ni familia, iwe Suffolk iwe Tanga.

Karani wa Masjala:
Agnes aliendelea kuandika hadi mwisho. Mama yao alifariki 1864, Reydon Hall ikauzwa, yeye akahamia nyumba ndogo Southwold. Mwaka 1870 serikali ikampa pensheni ya pauni 100 kwa mwaka. Kitabu chake cha mwisho, kuhusu mabinti wanne wa mwisho wa ukoo wa Stuart, kilitoka 1872. Akafariki 1874, akazikwa Southwold. Elizabeth alikuwa anaishi Tilford, kaunti ya Surrey, mbali na watu. Akamfuata 1875.

Nyundo ya Mbao:
Nakiri nimebadilika kidogo. Lakini swali langu liko palepale. Kama Elizabeth hakutaka ijulikane, sisi tumejuaje?

Karani wa Masjala:
Familia haikuificha ndani ya nyumba, Nyundo. Na Jane, mdogo wao aliyekuwa anaandika vitabu vya watoto huko Suffolk, mwaka 1887 alichapisha maisha ya Agnes. Alikuwa na miaka 87. Akafariki mwaka uliofuata. Kwenye ukurasa wa mbele ameandika jina lake kamili, Jane Margaret Strickland.

Bintimwambao:
Kina dada wale, kila mmoja na lake.

Karani wa Masjala:
Ngoja nifunge dirisha, kuna mzee amesimama hapa toka saa nane na barua yake ya tatu.